Mpunga Usiokuwa na Shahidi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumamosi, baada ya chai.

Mpendwa mjukuu wangu, mume mwenzangu,

Marahaba! Nimeitikia kabisa, shikamoo yako itanikuta njiani. U hali gani? Baridi ya huko imekubakizia masikio? Sisi wazima. Goti langu la kushoto tu halisikii la mkuu. Mke wetu, bibi yako, anafoka vizuri, ndiyo afya yake.

Vile vitabu ulivyoniagiza nikusomee, vya historia ya mazao ya Afrika Magharibi nimevisoma vyote, jalada hadi jalada. Haya basi, nimesoma majalada. Ndani mna maandishi kama sisimizi wanaokwenda mazikoni.

Ulisema mwalimu wako ataitupa sura ya tatu ya tasnifu yako usipopata shahidi msomi kwamba mpunga ulilimwa kule kabla ya meli za wageni. Nikaenda maktaba, nikafanya kama tufanyavyo kwenye umbeya: nani kakwambia? Kitabu cha kijani kikasema kimesikia kwa cha bluu. Cha bluu, kwa chekundu. Chekundu nacho, bila haya, kimesikia kwa cha kijani! Nikacheka mpaka mkutubi akaja.

"Mzee, hapa ni kimya."

"Binti yangu, anza kuwanyamazisha hawa wambea watatu."

Alipoelewa shida yangu alikwenda stoo, akarudi na jarida limejaa vumbi. Walioandika humo hawakusikia kwa mtu. Walichimba wenyewe, wakakuta punje za mpunga zilizoungua, wakapima umri wake: zimezitangulia meli hizo mbali sana. Punje haisemi "nasikia".

Jarida haliazimwi, nikalipiga picha kwa simu. Nilifika nyumbani na picha safi kabisa za dole gumba langu. Nikarudi kesho yake, nimenyoa, nimechomekea shati, maana sasa mkutubi ndiye angenishikia simu. Kurasa zote zimo kwenye bahasha hii, jina la jarida na mwaka juu. Sura yako imepona.

Mimi ndiye mgonjwa. Mke wetu anauliza, "Mtu asiyesoma hata kibandiko cha dawa, maktaba mara mbili, tena kanyoa?" Nikimjibu "mpunga", anacheka kwa pua.

Mama yako anakusalimu, na mjomba wako fundi saa, aliyechelewa hata leo. Mungu akufungulie milango, na moyo wa mwalimu wako aulainishe.

Sasa, ulipovunja redio ya bibi yako nilisema ni paka, na paka akala kipigo chako. Nilipe wema huo: mwandikie mistari miwili tu, kwamba wewe ndiye uliyenituma. Fanya haraka, kochi hili ni fupi.

Wako akupendaye, miguu ikining'inia,
Babu