Diske Nyepesi ya Mashini ya Riziki

Hapa Baraka, siku ya pili

Mutoto yangu Riziki,

Uko muzima? Na bwana yako, Papa Wilondja, mugongo ilimuacha ao angali anatembea amejishika kiuno? Mutoto wenu Wilondja anaenda masomo? Kadogo ketu Nyota, meno yake imetoka? Koko, mama yangu muzazi, anakula bugali ao anaitupiaka tu kuku? Tantine Asende, dada ya marehemu baba yako, umwambie kitambaa yake nimeiona, nitaileta. Mwe bote nabasalimia sana kule Fizi.

Miye niko, namushukuru Mungu, lakini nimechoka. Tangu mvua ianze jua haitoki muzuri. Tunaanika ndagala, bisamaki byetu, asubuhi, saa sita tunakimbia kuianua, tena tunaanika. Magoti inaniuma. Simu yangu iliangukia mu beseni ya maji, njo maana naandika, na mukono yangu unajua maandiko ya mwaka wa tatu tu, unisamehe.

Sasa habari ya mashini yako, ile kompyuta. Ulinitumia neno kama inachelewa kufunguka mpaka batri ya sola inaisha mbele umalize ukurasa moja, na prefe, mukubwa wa masomo mwenye unamuandikiaka, alisema mitihani yake isipoandikwa mbele ya likizo, kazi yote atapelekea muntu mwingine. Tangu hapo roho yangu haikai. Ile kazi njo inabakulisha mwe bote. Ulisema, "Mama, unichagulie diske ya mbio, ile ya SSD." Lakini haukuniambia inafanana namna gani!

Nilienda ku duka ya bintu bya mashini, pembeni ya soko. Papa wa duka akaweka diske mbili ku meza. Nikabeba moja: nyepesi kama kiberiti yenye haina kitu. Nikaitingisha ku sikio. Kimya.

"Papa, hii haina kitu ndani."

"Tingisha tena, mama, labda itaimba."

Batu bakacheka. Nikabeba ya pili: nzito, ya chuma, na namba yake kubwa kupita. Nikasema, hii njo diske. Nikaichukua. Yeye akasema tu, "Mama njo anajua."

Nikarudi na furaha kwenye tunaanikaka. Mama Goreti, jirani yangu murundi mwenye bwana yake anatengenezaka masimu, akaishika, akaniangalia.

"Mama Riziki, ndagala nzito iko na nini?"

"Iko na maji. Itaoza mu njia."

"Na nyepesi?"

"Ilikauka muzuri."

"Sasa wewe, muuzaji wa miaka yote, umeenda kununua yenye maji!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza pole pole. Ile nzito iko na sahani ndani yenye inazunguka, sawa tu na ile inachoka mu mashini yako. Mashini inangojea sahani izunguke, na batri inaisha. Nyepesi haina kitu cha kuzunguka, njo maana iko mbio na inakula batri kidogo. Riziki, nilisikia haya. Miye mwenye narudishiaka balobi, bavuvi ba ziwa, ndagala yao, nabaambia, "Hii ni nzito, muliinyunyizia maji!"

Kesho yake nikarudisha. Papa wa duka akasema kitu yenye imeuzwa hairudi. Sikubishana, sikuwa na nguvu. Nikakaa ku mulango yake na kitunga yangu ya ndagala, ile haijakauka. Jua ikatoka, harufu ikaingia mu duka. Saa ine haijafika, akaniita: "Mama, ingia tusikilizane."

Lakini akanionyesha nyepesi nazo ziko mbili. Moja ni bapa, inaingia pale ya zamani ilikuwa. Ingine ni kadogo, nyembamba kama shikleti ya kutafuna. Hiyo inaacha bapa mbali sana kwa mbio, lakini inaomba kitundu chake, na mashini mingi ya zamani haina. Akaniuliza, "Ya mutoto wako iko nacho?" Miye nitajulia wapi? Roho inataka yenye kupita zote, lakini nikikosea tena, likizo itafika na mitihani haijaandikwa. Njo maana sikuchagua. Alikubali kupokea ile nzito na kuniwekea nyepesi zote mbili mpaka siku ya posho, jumamosi.

Papa Wilondja afungue vis, bile bisumari bya kuzungusha, chini ya mashini, pole pole, muangalie kama kitundu kiko. Ukubwa usiihangaikie, maneno ya mitihani haijazi nyumba. Na ile ya zamani usiitupe! Toa kwanza mitihani yenye iko ndani.

Salimia mama pasteri, na mwalimu wa koro ya kanisa, na yule jirani mwenye shamba ku mupaka wetu.

Ni miye mama yako, mwenye anakuwaza kila siku.

Papa Sadiki wa moto, ile pikipiki, mwenye anakuletea hii barua, usimuache akunywe hata chai mbele umupe jibu. Neno moja tu inatosha: bapa, ao shikleti. Upesi, mutoto yangu. Siku ya posho nitakuwa ku ule mulango, na kitunga yangu.