Vikwembe Viwili Juu ya Meza

Jumapili, 20 Julai 2025

Baada ya misa jirani yangu Ghislain, mchimbaji wa mgodi wa Kamatanda, aliniuliza mjukuu wangu Sephora atatetea tasnifu ya nini chuoni Jumanne. Nikajibu kwa adabu: supercompacité. Akacheka. "Papa, iyo banachimbulaka wapi?" Nikamwomba radhi, nalijua jina tu. Aibu! Mimi na marehemu mke wangu Emérance tumemlea tangu utotoni.

Jumatatu, 21 Julai

Mimi nkambo wake, babu mzima, nilimwomba Sephora anifundishe. Akafungua sanduku la nyanya yake — kwa ruhusa yangu — akatandika vikwembe vyake vya kitenge mezani. Sheria: kila kimoja kianzie ukingo wa kushoto au wa kulia, kamwe si katikati, na pindo lake halihesabiwi kuwa limefunika. "Kama vyote pamoja vinafunika meza, nkambo, bibili tu binatosha. Kimoja huku, kimoja kule." Mahali panapokubali vifuniko vya namna hiyo, ndipo supercompact.

Nikathubutu: na kama vya kushoto havina mwisho, kila kimoja kikipitwa na kingine?

"Nkambo! Weye iko na akili!"

Akaeleza. Pale vyote vya kushoto vinapokoma bila kufika, lazima pafunikwe na cha kulia. Nacho hakiwezi kukomea papo hapo. Kinavuka kidogo, kinakutana na kimoja cha kushoto. Viwili! Nimeelewa. Mungu anisamehe majivuno — nimeelewa!

Jumanne, 22 Julai

Naandika nje ya ukumbi. Majaji wanashauriana.

Profesa mwenye mvi alimwuliza Sephora: na kama hakuna kilicho kirefu kupita vyote? Swali langu! Kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama, mkono juu, kama darasani kwa mapadre. Ukumbi mzima ukacheka. Nikaomba radhi kwa Kifaransa, nikaketi vibaya.

Sephora alinigeukia. Nilidhani nimemvuruga. Kisha: "Pole, professeur. Nkambo aliuliza iyo jana, nilimujibu." Akavua kikwembe cha nyanya yake begani, akaazima cha mama aliyeketi mstari wa mbele, akavitandika mezani, akaeleza kama jana. Profesa hakutabasamu. Aliandika kitu, akakipigia mstari.

Je, nimemharibia? Asipofaulu leo, atarudia mwaka mzima.

Ghislain, aliyekuja nami kusikiliza, yuko kando yangu. "Papa, hata miye nilisikia muzuri. Bibili tu!"

Mlango unafunguka. Wanamwita Sephora peke yake. Nimeshika kopo la poda ya kumwagia kichwani anayefaulu; humwagwa baada ya matokeo. Ndiyo desturi, nami huheshimu desturi.

Mkono wangu wa kushoto ni mweupe hadi kwenye kifundo. Sijui nililifungua kopo saa ngapi.