Maji Nyuma ya Ngozi ya Sikio

Jumatatu, 3 Machi 1975
Vitumbua vimeisha mapema. Makuli wa Kariakoo leo wana njaa. Mjukuu wangu Zuhura nimemwita mara nne alete kuni. Kimya. Nimemfinya. Kalia kama hajui kosa. Mafua hayajamwacha, nimemkalisha karibu na moto apate joto.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu wake kamweka nyuma ya darasa. Eti mzito. Mzito yeye! Mtoto huyu alikuwa akinitambia, “Bibi, babu ni wangu, wewe umeshazeeka.” Leo nimemwita mke mwenzangu, hakujibu. Naogopa. Nimemtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu masikioni, pamba juu.

Jumamosi, 8 Machi
Mafuta siku ya nne. Bure. Mvua. Bonde la Jangwani limejaa maji, mafua yamezidi.

Jumanne, 11 Machi
Hospitali. Daktari kijana, shikamoo yake ya adabu. Kachungulia kwa taa. Kumbe pua ikivimba kwa mafua, kijia cha kutoka puani kwenda sikioni nacho huvimba, kikaziba. Sikio lenyewe huvimba ndani, likatoa maji. Maji hayana pa kutokea, yanakuwa mazito kama ute, sauti haipiti. Yako nyuma ya ngozi ya sikio, ile iliyotanda ndani kama ngoma. Mafuta yangu yalibaki nje.
Kisha kanusa khanga yangu. “Bibi, unapikia kuni?”
Moshi nao unavimbisha. Mtoto asikae karibu.
Muda wote wa mafua haya mimi ndiye niliyekuwa nikimvuta motoni.
Daktari wa kutoboa ngozi hiyo na kunyonya maji ni mmoja, foleni ndefu. Turudi baada ya miezi mitatu. Labda yatakauka yenyewe. Labda.

Alhamisi, 13 Machi
Nimewaza kuacha vitumbua. Tule nini? Mama yake kafa, babu yake kafa, hana mwingine ila mimi. Kisomo cha watu wazima kimenifundisha kuandika, hakikunifundisha kuomba radhi kwa mtoto asiyesikia. Nimemfinya bure. Mikono yangu naichukia.

Jumapili, 16 Machi
Zuhura nimemweka kwenye mlango wa uani, mbali na moshi. Hapendi. Kanuna, kanipa mgongo.
“Mke mwenzangu!”
Hakugeuka.
Nikaacha vitumbua viungue, nikaenda, nikamgusa bega, nikarudia. Kaniangalia mdomo. Kacheka.
Nikarudi motoni peke yangu.