Orodha Yangu ya Lamu

Jumapili, 10 Novemba 1996

Nimechuma chai tangu asubuhi. Mgongo unauma. Madaftari ya darasa la sita yako mezani, hayajasahihishwa. Nimeyafunika kwa gazeti. Leo naandika mambo ya Lamu.

Mume wangu, Baba Moraa, kapewa likizo kiwandani, wiki moja Desemba. Bonasi ya chai itatufikisha. Dada yangu wa Kenyenya atakaa na watoto. Miaka tisa ya ndoa, hatujawahi kuwa wawili siku nzima bila mtoto, ng'ombe au mgeni. Akiwa zamu ya usiku, mimi nalala. Nikiwa shuleni, yeye analala. Tunaishi kama majirani wazuri.

Basi orodha. Kwanza kabisa kuingia baharini. Si kulowesha vidole, kuingia hadi shingoni. Kila mwaka nafundisha ramani ya pwani, naonyesha kwa kijiti maji ambayo sijawahi kuyagusa. Watoto wananiamini tu. Halafu kutembea mji usio na magari. Kula wali wa nazi uliopikwa na mtu mwingine. Kupanda punda, hata nikianguka. Kulala mchana bila kuitwa. Kushikana mkono na mume wangu njiani, mahali ambapo hakuna mtu wa kanisa letu.

Hiyo ya mwisho nimeiandika kwa herufi ndogo.

Jumatano, 13 Novemba

Mjini Kisii kununua chaki. Nimepitia duka la vitambaa la Mama Rekha. Alizaliwa Mombasa, akaletwa huku na ndoa. Nimemwambia habari ya safari, akaacha kupima kitambaa cha mteja akaanza kunifundisha bahari. Niingie asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Yeye huingia na nguo zake zote.

Nimeongeza kwenye orodha: asubuhi mapema. Nguo zote, hapana. Nguo zote nimevaa maisha yangu yote.

Alhamisi, 14 Novemba

Daraja Mbili, kwenye mitumba. Nimetafuta vazi la kuogelea kwa aibu, nachokoachokoa lundo kana kwamba natafuta sweta. Kijana muuzaji akalipata kabla yangu, akaliinua juu soko lote lione.

"Mwalimu, hii ni ya kuogelea ama ni ya kwenda nayo kanisa?"

Wauza ndizi walicheka hadi wakashika viuno. Nimelinunua hata hivyo. La bluu. Nimelijaribu nikiwa nimekomea mlango. Linanikaa vizuri. Nilijitazama kwenye kioo cha kunyolea cha mume wangu, kipande kwa kipande, nikafurahi.

Jumapili, 17 Novemba

Baba Moraa ameharibu kila kitu.

Alikwenda kwa baba yake kumuaga. Wiki tatu kabla ya safari! Alitaka mzee ajue mapema, apange mtu wa kutukamulia ng'ombe. Mwanamume mzima, aliyezaliwa boma hili, hajui kwamba mzee huagwa siku ya kuondoka, mzigo ukiwa begani. Ukimpa mzee habari ya safari mapema umemwalika. Isitoshe, aliwakuta wazee wenzake wanne wamekaa wanakunywa chai. Mzee akaitikia mbele yao wote: "Vizuri. Hata mimi nitaenda. Milima nimeona ya kutosha."

Na huyu wangu? Akasema ndiyo, baba.

Angesema nini, ananiuliza. Amkatalie baba yake mbele ya rika lake? Hapo ana haki, na haki hiyo ndiyo inayonikasirisha zaidi. Maji yamemwagika. Nimepika ugali nikauacha jikoni ajipakulie.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeipitia orodha upya. Ni kama kumchinja kuku ambaye nimemlea mwenyewe.

Kwetu kuna chinsoni. Heshima ya wakwe, aibu ya wakwe, yote mawili. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mimi simpi mkono. Nikisikia kikohozi chake njiani, navuta kitambaa kichwani na kushusha sketi. Tangu niolewe hajawahi kuona goti langu. Sasa niingie majini mbele yake na kile kitambaa cha bluu?

Kuogelea, futa. Punda, futa, maana hakuna namna mwanamke anapanda punda akabaki na heshima. Kutembea mji nyuma ya mgongo wa mzee si kutembea, futa. Kushikana mkono, futa mara mbili. Kulala mchana, nani atampikia mzee? Umebaki wali wa nazi. Nisafiri toka kwetu Itumbe hadi mwisho wa Kenya kwa ajili ya wali.

Jumamosi, 23 Novemba

Sabato. Mzee ametangaza. Kanisa zima linajua. Baada ya ibada mke wa mzee wa kanisa alinishika bega.

"Mama Moraa, wewe una bahati. Mkwe anakupeleka bahari!"

Ananipeleka! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mwingine akanikumbusha kwamba kamba na kaa ni haramu kwetu Wasabato, nisije nikajisahau huko. Nimechoka na watu wanaokumbuka mambo kwa niaba yangu.

Jumatano, 27 Novemba

Shule imefungwa. Nimemwambia Baba Moraa siendi. Aende na baba yake, wakaitazame bahari wawili, walale mchana, washikane mikono.

Alikwenda kumkatia ng'ombe majani, na ng'ombe ameshiba.

Jumapili, 1 Desemba

Bado tumenuniana. Mchana mzee alikuja. Akasimama nje uani kama kawaida yake, mbali na mlango, akauliza kama huko watu hubeba blanketi. Nikamjibu kwa mkato kwamba ni joto. Akashukuru. Ana viatu vipya. Alikuwa amevivaa ili vizoee mguu, anachechemea.

Mama mkwe alitutoka mwaka juzi. Tangu hapo mzee anakula chakula changu kinachopelekwa kwake na sahani inarudi imeoshwa. Sijui kitu kingine juu yake. Sikutaka kumwonea huruma leo, nikamwonea, na hasira ikabaki palepale.

Nitaenda. Nikibaki nitasimuliwa bahari, na kusimuliwa ni kubaya zaidi. Vazi la bluu nimelitia chini kabisa ya kikapu. Sijui kwa nini.

Jumanne, 10 Desemba. Lamu

Safari siiandiki. Miguu imevimba.

Tumefika jana. Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya kichochoro chembamba ambacho punda wawili hawapishani. Mzee hawezi kulala nyumba moja nasi, kwa hiyo mwenye nyumba amempa chumba ng'ambo ya kichochoro. Dirisha lake na letu yanatazamana. Tumefunga letu. Joto linatuua.

Alfajiri mzee aliazima kiti cha mwenye nyumba, akakibeba hadi ufuoni, akakaa akitazama maji. Hakuondoka hadi jioni. Koti amevaa, kofia amevaa. Nimekaa nyuma yake na gauni langu na leso mbili. Maji yale pale! Ni makubwa kuliko nilivyofundisha. Watoto wadogo wanajitumbukiza, wanawake wa hapa wanaingia na nguo zao, na mimi natoka jasho kama ninayepika kwenye sherehe.

Jumatano, 11 Desemba

Vilevile. Kiti, koti, kofia. Anatazama tu, na ufuo mzima hauna pa kujificha. Nilitembea mbele nikitafuta mahali. Nikigeuka namwona, kidoa cheusi kwenye mchanga, na kama namwona basi ananiona.

Jioni nililia. Nilifungua dirisha kwa sababu ya joto, nikasahau lile la mzee linalolitazama. Nikamwambia Baba Moraa kwa Kigusii, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba nimevuka nchi nzima kuja kuyaona maji kwa mbali, na ramani ya shuleni ingetosha. Kwamba nilitaka kitu kimoja tu, kuingia, na baba yake amekikalia.

Kisha nikasikia kikohozi ng'ambo.

Nataka ardhi inimeze. Sijawahi kuona aibu hivi maishani mwangu.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikutaka kutoka. Baba Moraa akanivuta.

Mzee alikuwa ameshafika ufuoni. Kiti palepale, koti, kofia. Lakini alikuwa amekigeuza. Ameipa bahari mgongo, anatazama vilima vya mchanga ambako hakuna kitu chochote, hata mbuzi. Baba Moraa alikwenda kumuuliza kama anaumwa. Mzee akasema mwanga wa maji unamuumiza macho. Akaongeza kwamba atakaa hivyo mpaka adhuhuri, na hageuki.

Jana mwanga haukumuumiza.

Nilivua leso na gauni nyuma ya mashua iliyovutwa nchi kavu, nikavaa lile la bluu. Nikaingia. Magotini, kiunoni, shingoni. Chumvi mdomoni, puani, machoni. Baba Moraa akanishika mkono kwa sababu mawimbi yalinisukuma, na hakuuachia yalipotulia. Nilipiga kelele kama mtoto. Nilifurahi, naandika wazi, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Lakini kila nikiinua kichwa nauona ule mgongo. Koti limelowa jasho katikati. Hakugeuka hata mara moja. Ametoka Itumbe na viatu vinavyombana aje kuona bahari, na asubuhi nzima amenitazamia mchanga.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimeamka mapema kuliko mzee. Kiti nimekibeba mimi. Nimekiweka palepale, nimekigeuza, nikakaa juu yake nikitazama vilima, leso kichwani.

Walipofika, Baba Moraa aliniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nimechoka na maji, amwingize baba yake. Mzee alisimama nyuma yangu. Nikasikia anavua viatu, kimoja, kisha kingine. Nikasikia koti linawekwa chini.

Halafu mawimbi tu.

Halafu akacheka. Miaka tisa naishi boma moja naye na sikujua ana kicheko. Ni kicheko chembamba, cha mvulana, kinakatika wimbi likimpiga na kuanza tena. Anamwita Baba Moraa kwa jina lake la utotoni, anamwambia tazama, tazama, inanivuta.

Sikugeuka. Nimekaa nikiwatazamia mchanga hadi wakatoka.