Maua Manne ya Mama

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila goti langu linalalamika kila nikikanyaga cherehani.

Tangu vibaka waliponikatia mkoba sokoni, wateja wananilipa kwa simu. Mtu anajaribu gauni, anabonyeza, simu inalia, nami hata sindano sijaiweka chini. Raha kweli. Lakini nijibu: hiyo pesa inakaa wapi? Simu ikitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, nayo inalowa? Kaka yako anasema nisijisumbue, nikitapeliwa mara moja tu laini ataishika yeye. Sitaki. Akiba ya cherehani ya umeme nimeihangaikia mwenyewe, nataka niilipie mwenyewe.

Naandika barua kwa sababu nikikupigia nasahau nusu ya maswali.

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona. Pole na goti.

Ndoo imenichekesha. Pesa haimo ndani ya simu, iko kwenye akaunti yako. Simu ni mlango, namba ya siri ndiyo ufunguo. Simu ikipotea, unaenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho, unapewa laini nyingine, pesa unaikuta. Ila namba usimtajie mtu, hata mimi, wala usiiandike popote. Unaikumbukaje, wewe unayetafuta miwani iliyo kichwani?

Mwanao

29 Machi

Kitindamimba,

Salamu nyingi. Goti limetulia.

Sijaandika popote. Simu nimeishonea mfuko, nikaudarizi maua manne. Petali za kila ua ni tarakimu yake. Nikisahau, nahesabu. Na mfuko wenyewe umependwa! Muuza dawa anao, kinyozi anao, kaka yako kamchukulia mkewe. Wote wanataka maua yale yale. Wakiuliza mbona hayalingani, nawaambia ni siri ya fundi.

Mama

Ujumbe wa simu, 6 Aprili

Shikamoo Mama. Barua nimeipata sasa hivi. Mtaa mzima unatembea na namba yako ya siri. Ibadilishe leo, kabla hujamaliza hata huo upindo ulioushika.

20 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima, ingawa nimetikisika.

Namba niliibadilisha pale pale. Wiki iliyofuata simu ikachukuliwa mezani, na mfuko wake. Kaka yako akaja mbio kuidai laini. Nikamwambia, "Twende kwanza dukani."

Binti wa dukani akasema kuna mtu amejaribu namba ya siri, akakosea mpaka ikajifunga. Pesa yote ipo. Nahisi huyo mtu alihesabu maua yangu, na inaniuma, maana sasa nawatazama wateja vidole. Kaka yako akaniomba nimwelekeze kubadilisha ya kwake. Ilikuwa mwaka aliozaliwa.

Cherehani nimeinunua. Nilibonyeza namba mwenyewe, kaka yako akigeukia ukutani.

Mfuko mpya nimeudarizi maua manne, petali za kubahatisha. Anayetaka ahesabu. Namba yenyewe iko kichwani, pamoja na miwani.

Mama yako