Kiti cha Mbele

Yeremia, ndugu yangu,

Mimi mzima. Hali yako siulizi.

Kesho tunakwenda Kitahana kutengeneza pampu za visima. Leo tumefanya kikao na kupakia vyombo upya, na nimeona nikuandikie kwa kuwa kikao chenyewe kilikuhusu.

Tangu tukuzike, mambo yako mengi tumeyaacha. Wewe kila safari ulikuwa ukitandika turubai uani, kila kitu kinashushwa garini, na kila mtu anashika kifaa chake na kusema atakifanyia nini huko tuendako. Asiyeweza kusema, kifaa chake kinabaki Kasulu. Redio yangu umeibakisha mara ngapi! Siku hizi tunakaa ofisini, tunakubaliana upesi, basi. Kazi yako ya ufundi kapewa Samweli wa Titye, mtu mpole, baba wa watoto wadogo.

Kiti chako cha mbele sikumpa mtu. Nilipakia pale sanduku la spana. Wenzetu walipouliza niliwaambia ni uzito, mbele pakiwa pepesi gari linateleza. Dereva ni mimi, hawakubisha. Basi kiti cha nyuma wanakaa Mama Furaha na waashi wawili, na Samweli anapanda nje, juu ya mabomba. Juzi tukitoka Kitanga, mvua imenyesha, tairi liliingia shimoni na Samweli akarushwa, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye kamba. Nilimwona kwenye kioo. Nikasimama, akapanda tena. Nikatia gia, tukaendelea.

Leo Mama Furaha alikataa kuingia ofisini. Unamjua, mtu wa Kongo aliyekulia kambini Nyarugusu, akikataa amekataa. Alitandika turubai mwenyewe. Tukashusha mabomba, mnyororo, makoleo, sufuria, mpaka sabuni, na kila mtu akashika chake. Mwishowe akafungua mlango wa mbele, akalivuta lile sanduku na kuja kulitua miguuni pangu.

"Shofere," akasema, bado ananiita hivyo, "Yeremia tulimuzika, tukarudi. Huku mbele si kaburi yake. Kesho mimi nitaikala hapa, na Samweli ataikala ndani."

Hakuna aliyenitazama. Nilitaka kuanza tena habari ya uzito. Nikalibeba sanduku nikalipeleka nyuma, likaingia kati ya mabomba bila shida yoyote, na wote waliona.

Nimekukumbuka, Yeremia. Sikutegemea iwe hivi, maana ulikuwa unaongea njia nzima, Kiha na Kiswahili, mpaka nakuomba unyamaze nisikie injini. Sanduku halina neno. Wala haligongi dashibodi kama wewe na kusema, "Punguza, bwana, watoto wetu hawajamaliza shule." Kwa hiyo nimekuwa nikikimbiza gari, na hakuna aliyethubutu kunikataza. Nadhani walinionea huruma, na huruma yao nusura imuue mtu.

Gari limeshapakiwa na turubai limekunjwa. Mama Furaha ameshaniambia atakuja na karanga, na kwamba hapendi dereva aliyenuna.

Kwaheri, ndugu yangu. Mteremko wa Kitahana nitaushuka polepole, bila kuambiwa na mtu. Samweli nitamrudisha kwa watoto wake.

Ni mimi, dereva wako.