Waliokuwa Wakitoa Kila Mwezi Wamenyamaza

Senga Goretti, shangazi yetu sote wa redioni, pokea salamu zangu. Nimezoea kukusikia redioni ukiwasaidia watu wenye matatizo ya ndoa na wakwe, na langu si la ndoa, lakini linaniuma palepale ndoa inapouma, kwa hiyo naomba na mimi unitengee nafasi.

Jina langu ni Dolphine Aluoch, Mkenya wa Kisumu, nilikuja Kampala kufanya kazi ya hoteli nikabaki. Sasa naongoza shirika dogo linaloitwa Nyumba ya Pumziko, na kusema kweli ni nyumba tu, ya kupanga, ina vyumba vya kulala na jiko moja kubwa, juu kidogo ya Wandegeya, ambapo mama aliyemleta mtoto wake hospitali ya Mulago kutibiwa saratani anaweza kulala, kufua na kumpikia mtoto uji, maana matibabu yale huchukua miezi na wengi wanatoka mbali, Arua, Kitgum, wengine Kongo, na hapa mjini hawana hata shemeji.

Mwanzoni kodi yote ililipwa na kanisa moja la ng'ambo. Siku moja kanisa lile likatuandikia kwamba waumini wamepungua na jengo linauzwa, wakatuombea baraka, wakaacha kutuma. Nililia, Senga, kisha nikajipangusa nikaanza kuwaomba watu wa hapahapa, na sikuomba mchango wa mara moja kama harambee, niliomba kidogo kila mwezi, kila mtu anachoweza, kwa simu. Wengi walinicheka wakasema watu wa Kampala hawatoi hivyo. Wa kwanza kunionyesha kwamba wanatoa alikuwa Mbambu.

Mbambu ni Mkongomani, anauza samaki soko la Ggaba. Alikaa kwetu na binti yake Exaucée, kwenye kitanda cha dirishani, karibu mwaka mzima, na Exaucée akafariki. Nilidhani hatutamwona tena, kwa sababu mama akiondokewa mara nyingi hawezi hata kupita njia ile. Lakini mwezi uliofuata simu yangu ikalia, nikakuta pesa kidogo za muuza samaki, na maneno mawili: "Ya Exaucée." Mwezi mwingine tena, maneno yaleyale. Akawaambia wenzake sokoni, na mimi nikapata nguvu ya kuwaambia manesi, wanafunzi wa hosteli, Wakenya wenzangu wa viwandani, wakawa wengi, na kila aliyetuma nilimpigia nikamwambia nani amelala kwetu wiki hiyo na nani ameruhusiwa kurudi nyumbani, tukacheka, tukaombeana. Kodi ikalipika bila kanisa lolote.

Sasa, Senga, wamenyamaza. Hawakugombana na mtu. Mwaka jana katibu wetu Sifuna, kijana msomi na mwenye nia njema kabisa, alituwekea mfumo wa kompyuta unaowaandikia wafadhili bila mtu kuugusa, ili mimi nipate muda wa kuandika maombi kwa mashirika makubwa, na kweli muda niliupata, nikaandika sana, lakini huku nyuma watu wakawa wanapukutika mmoja mmoja, na mmoja wao ni Mbambu.

Nakueleza ukweli wangu, sikosi pesa tu, nayakosa yale maneno mawili. Mwisho wa mwezi ukifika, simu ikilia nikiwa jikoni, naacha mwiko, nafuta mikono kwenye kanga, nakimbia, nakuta ni watu wa simu wananiuzia bando. Nakaa pale nikiishika simu kama mtu aliyeachwa na mchumba. Nawakumbuka wote, sauti zao, hata yule nesi aliyekuwa akinikatiza kila mara aniambie anachopika.

Mwezi huu nilijikaza nikaenda Ggaba. Nikamwona Mbambu kwa mbali, anapaa samaki magamba, amekonda kidogo. Nikasogea. Akainua kichwa, akaniona, nina hakika aliniona, kisha akainama tena akaendelea na kisu chake. Nikajiuliza, nikifika pale nitasema nini, si ataona nimefuata pesa zake? Nikageukia kibanda cha jirani yake, nikanunua samaki aina ya ngege ambaye sikumhitaji, nikarudi nyumbani.

Sasa kumetokea jambo jingine. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, Mzee Sylvanus Oketch, ni mtu wa kwetu Kisumu na amefanikiwa sana hapa, amesema atalipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, ila jina la marehemu mama yake liandikwe juu ya geti, na sisi tuache kabisa kuombaomba watu wa sokoni, kwa sababu, nanukuu, "Binti yangu, hizo pesa za karanga zinakushushia heshima." Sifuna na kamati nzima wanataka tukubali. Mwenye nyumba naye anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nikikataa, huenda akina mama wakatolewa nje na vitanda vyao. Nikikubali, nitakuwa nimewafungia mlango Mbambu na wenzake, na moyo wangu unawatamani wao. Je, hii hamu yangu ni ujinga? Mtu anayeongoza shirika ana haki ya kuwalilia watu waliomwacha? Nifanye nini, Senga?

Dolphine wa Wandegeya


SENGA GORETTI ANAJIBU

Nyabo Dolphine, barua yako niliisoma nikiwa nakula, nikaacha kula. Pole kwa kazi. Pole kwa hao watoto na mama zao. Sasa nimemaliza kukupa pole, nikugombeze.

Ulifika mpaka Ggaba, ukamwona mtu unayemlilia, halafu ukanunua samaki kwa jirani yake? Banange! Wewe ungekuwa Mbambu ungeelewaje? Mtu aliyekulaza nyumbani kwake, aliyekushika mkono siku ya msiba, anasimama hatua chache kutoka kwako, anafungua pochi, anamlipa mwingine, anaondoka. Huyo ngege natumaini alikuwa na miiba.

Wasikilizaji, barua hii ilikuwa na haraka, kwa hiyo sikungoja siku ya kipindi. Nilimpigia Dolphine nikamwambia arudi Ggaba, mikono mitupu, na neno pesa asilitamke. Alirudi. Ameniruhusu nisimulie yaliyotokea, na nitamsimulia yeye mwenyewe, kwa sababu nataka asikie yanavyosikika yakisemwa na mtu mwingine.

Ulifika, Dolphine, ukasalimia. Mbambu akaitikia bila kukutazama. Ukavuta ndoo ukaikalia. Wateja wawili watatu wakapita. Halafu yeye ndiye aliyeanza.

"Mama Dolphine, umekuja juu ya deni?"

Ukamwuliza, deni gani?

"Miye nilikuwa nalala na malaria," akasema. "Sikuuza, sikutoka. Simu ikalia, nikafurahi, nikasema ni Mama Dolphine ananiuliza habari. Nikasoma. Imeandikwa, ndugu mfadhili, mchango wako umechelewa, timiza ahadi yako. Nikajiuliza, nimechelewa wapi? Mtoto wangu alishakwenda."

Uliniambia kwamba hapo ulifunika uso kwa mikono yote miwili. Vizuri. Palistahili.

Mfumo wa Sifuna ulikuwa ukimwandikia hivyo kila mtu aliyepitisha tarehe. Ulimwandikia mama aliyefiwa, ulimwandikia mwanafunzi aliyekosa karo, ulimwandikia nesi aliyehamishwa. Wala Sifuna si mtu mbaya, usiende kumfokea, aliona pengo akaliziba kwa alichokijua. Lakini wewe uliiachia mashine kazi ambayo ilikuwa yako, ukaenda kuwaandikia watu wakubwa usiowajua, na wanaokujua wakabaki wanasoma madai. Mbambu hakuwa analipa kodi ya nyumba, nyabo. Kila mwezi alikuwa anapata nafasi ya kumfanyia mtoto wake kitu. Wewe ulimgeuzia kuwa mkopo.

Ulimwomba radhi, na hukujitetea, hilo nakusifu. Yeye hakusema amekusamehe. Alikuuliza, "Kile kitanda cha dirishani, nani iko analala pale sasa?" Ukamwambia ni msichana mdogo kutoka Arua, anaogopa sindano, anaimba akipelekwa kuchomwa. Mbambu akauliza anaimba nini, ukamwimbia, pale katikati ya soko, vibaya. Akacheka. Akakupa kisu, mkapaa samaki pamoja mpaka akafunga kibanda.

Na Jumapili, baada ya misa, akaja. Hakuwa ameukanyaga mlango ule tangu msiba. Alileta samaki wa kukaangwa, akaingia chumbani peke yake, akakaa kwenye kile kitanda na yule msichana, na wewe ukawa na akili kidogo ya kubaki jikoni.

Najua unataka kuniuliza, je, ameanza kutuma tena? Hajatuma hata shilingi. Usimwulize. Huenda atatuma, huenda hatatuma kamwe, na atabaki kuwa mtu wa nyumba ile vilevile. Ukishindwa kukubali hilo moyoni, acha kazi hii, kauze bando.

Uliniuliza kama hamu yako ni ujinga. Si ujinga. Hiyo hamu ndiyo iliyokuwa inakufanya uwapigie watu simu zamani, na ndiyo iliyokuwa inawafanya wapokee. Kosa lako ni kukaa nayo jikoni ukiishika simu, wakati simu hiyohiyo inaweza kupiga. Kwa hiyo piga. Zima ule mfumo leo kabla hujalala. Mwambie Sifuna autumie kuandika risiti na aishie hapo. Kisha anza na yule nesi. Usimwambie umepungukiwa. Mwulize anapika nini, mwambie kilichotokea, mwombe radhi kwa yale madai, mpe habari ya mtoto mmoja tu, kwa jina kama mama wa mtoto ameruhusu. Kesho mwingine. Utachoka koo. Wengine hawatapokea, na wengine watakutukana kidogo. Vumilia, waliumia.

Na waelezee wazi, wa zamani na wapya, kwamba mwezi ukimpita mtu hadaiwi. Akiwa nacho atume, akiwa hana atume salamu, akitaka kuacha aache bila kujificha sokoni. Utashangaa jinsi watu wanavyokaa muda mrefu mahali ambapo mlango wa kutokea uko wazi.

Swali moja dogo, na wasikilizaji nao wajiulize: wewe mwenyewe unatuma kila mwezi? Nilipokuuliza kwenye simu ulikohoa. Mshahara wako ni mdogo, najua, lakini anza, hata kidogo cha aibu, ili siku ukimwambia mtu "toa pamoja nami" usiwe unadanganya.

Tuje kwa Mzee Oketch. Usimdharau. Huyo mzee naye ana mtu anayemlilia, ndiyo maana anataka jina la mama yake lisomeke getini. Hukuliona hilo kwa sababu alizungumza kwa kiburi. Mwenye nyumba mpigie kesho asubuhi, mwombe wiki chache zaidi, mweleze ukweli. Halafu nenda kwa mzee dukani kwake, si na kamati, peke yako. Mwulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwambie hivi, kwa heshima zote anazostahili baba yako: jina la mama tutaliandika kwenye mlango wa chumba, na akina mama watakaolala humo watalisoma kila siku. Getini halitawekwa, kwa sababu nyumba hii ina watu wengi. Na pesa za karanga hatutaziacha. Kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo usiitake kwake. Mlipaji mmoja, lile kanisa la ng'ambo, alikushikilia nyumba yote, na alipoachilia uliona mwenyewe. Mwombe atoe kila mwezi, kiasi kinachomfaa tajiri, na mara moja moja aje kunywa chai na kuona.

Uso utakuwaka moto. Utataka kuongeza maneno, kueleza, kupunguza kiasi kabla hajajibu, kusema "lakini kama haiwezekani, mzee, hakuna shida." Usiseme. Taja kiasi, kisha funga mdomo. Acha kimya kiwe kirefu kinavyotaka, ni chake hicho, anafikiri.

Akikubali, mshukuru. Akikataa, usiinuke kwenye kiti. Maliza chai yake, umwulize wajukuu wangapi, na umuage kama mtu atakayerudi.

Senga wako,
Goretti